Mdhamini wa Ishirini na Tano

Tap.

Sauti moja tu. Kama mtu amegusa karatasi kwa ncha ya kidole, kisha akaondoa mkono.

Mheshimiwa akainua macho. Ofisi ilikuwa tupu. Feni imezimwa, dirisha limefungwa, na bomba lilikuwa kule nje, mwisho wa korido. Akatazama dari. Kavu. Ingekuwaje isiwe kavu, na mvua haijanyesha kwa miezi minne?

Akarudisha macho mezani. Juu ya fomu yake ya kugombea, kwenye mstari wa ishirini na tano, palikuwa na tone la maji.

Kilichompanda kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa hasira. Hasira ya mtu anayemwona mgeni asiyemtaka amefika tena, wakati uleule, bila kupiga hodi.

"Mwaka huu hapana," akanong'ona. "Mwaka huu nina watu wangu."

Lakini hakuwa nao, na hilo ndilo lililomchoma.

Alikuwa mjumbe wa baraza la jimbo kwa miaka ishirini, awamu nne mfululizo, na bado kila uchaguzi ulipokaribia alirudi kuwa mwombaji kama wagombea wengine. Sheria ilitaka wadhamini ishirini na watano, wapiga kura wa eneo lake, kila mmoja kwa jina, namba ya daftari na sahihi. Kesho saa nne asubuhi fomu iwe mezani kwa msimamizi wa uchaguzi. Saa nne na dakika moja, basi tena.

Watu ishirini na watano. Mgombea mwingine angewapata kabla chai haijapoa.

Yeye alizunguka tangu alfajiri akakusanya thelathini, ili awe na akiba. Jua lilipoanza kuzama, karani wake akaketi na daftari la wapiga kura na kalamu nyekundu. Karani huyu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa naye tangu awamu ya kwanza, watu walimwita Mama Mihuri, kwa kuwa mihuri ya ofisi hailali popote ila mkobani mwake. Alisoma jina, akapekua, akakata. Huyu kahamia eneo jingine. Huyu kamdhamini na mpinzani, kala kotekote. Huyu namba aliyoandika ni ya mke wake. Kalamu nyekundu ikatembea, na Mheshimiwa akawa anaisikia kila inapokwaruza.

"Ishirini na nne," Mama Mihuri akasema.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu, Mheshimiwa. Labda sasa nihesabu kwa kuimba."

Akamwita kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi akaja na aproni yake imejaa nywele za watu, akatia sahihi kwa madaha, akaomba akumbukwe kwenye ufalme. Mama Mihuri akapekua. Jina la kinyozi halikuwamo. Uchaguzi uliopita lilikuwamo, Mheshimiwa mwenyewe aliliona kwa macho yake. Sasa palikuwa na nafasi nyeupe, kama pengo la jino lililong'oka.

Mheshimiwa akapiga meza kwa kiganja. Kisha akaona aibu, akawaambia wote waende nyumbani.

Mama Mihuri alisimama mlangoni, mkoba begani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu mmoja kwenye daftari, jina lake safi, namba yake safi, hajahama, na anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Na hajawahi kumdhamini hata mara moja.

"Mama yako," akasema. "Sijui mna nini nyie wawili. Ila mimi ningeanzia huko."

Viatu vya karani vikafifia koridoni, naye akabaki na fomu.

Na sasa tone.

*

Barazani walimwita Mheshimiwa Moja. Walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake mwanzoni, baadaye hata usoni, huku wakicheka. Mara nne ameshinda, na mara zote nne ameshinda kwa kura moja. Wapinzani walidai kura zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, na moja ikabaki moja. Ndiyo hiyohiyo, haipungui, haiongezeki.

Na mara nne amepeleka hoja ya daraja. Mto unaogawa eneo lake hauna daraja. Watu huvuka kwa miguu pale penye mawe, na mto ukijaa huwachukua. Hoja ilikuwa safi, michoro ipo, takwimu zipo. Mara nne ilishindwa. Mara nne, kwa kura moja.

Mwezi uliopita, baada ya hoja kuanguka kwa mara ya nne, alikaa chooni mwa baraza na tai yake mkononi, akaelewa. Mkono unaompa moja mtaani ndio unaomnyima moja barazani.

Alijua ni mkono wa nani.

Miaka ishirini nyuma, alipogombea kwa mara ya kwanza, hakuwa na gari wala pesa. Alikuwa na mdogo wake. Kijana huyo hakujua kukaa mahali pamoja; tangu alipoanza kutembea alizunguka ua kwa mbio, akainua vumbi, akaangusha vyombo, hata kaka yake akampa jina kwa ajili hiyo, na jina likamganda. Mtaani, shuleni, mpaka kwenye daftari la wapiga kura, hakuna aliyemwita vingine. Ndiye aliyeichukua fomu na kuvuka mto kutafuta wadhamini. Alipata ishirini na wanne. Wa mwisho, alikwisha kumwambia kaka yake, nitakuwa mimi.

Walimkuta siku ya pili, chini ya yale mawe. Kiatu kimoja mguuni, cha pili hakikuonekana. Fomu ilikuwa kwapani, ndani ya mfuko wa plastiki, kavu kabisa. Majina ishirini na manne, na mstari mmoja mtupu.

Walimzika. Siku tatu baadaye ilikuwa mwisho wa kurudisha fomu.

Angeweza kumtafuta jirani yeyote. Hata leo hajui kwa nini hakumtafuta. Alichukua kalamu, akaandika jina la mdogo wake, akaigiza sahihi yake. Angeiweka mwenyewe, alijiambia. Ni kama ameiweka.

Tangu siku hiyo hakulitamka tena lile jina, maana mtu angeweza kuuliza: aliyezikwa Jumatatu alitiaje sahihi Alhamisi? Nyumbani akawa "yule". Mama alipotaka kwenda kutoa taarifa ya kifo ili jina lifutwe kwenye daftari, alimzuia. Subiri uchaguzi upite, Mama. Uchaguzi ukapita. Subiri na huu.

Uchaguzi wa pili alipeleka wadhamini ishirini na watano walio hai, wote aliwajua kwa sura. Nakala aliyorudishiwa, yenye muhuri, ilikuwa na walio hai ishirini na wanne. Wa mwisho alikuwa yule. Mwandiko wake wenyewe, ule wa kuegemea nyuma. Karatasi imejikunja kama iliyolowa ikaanikwa.

Wa tatu alichana fomu mbili, ikawa vilevile. Na wa nne... Wa nne aliacha mstari ule wazi makusudi, akazima taa, akaenda kulala. Asubuhi ulikuwa umejazwa.

Hilo ndilo ambalo hakumwambia mtu.

*

Tone lilianza kutambaa.

Mheshimiwa aliliangalia likinyooka, likipinda, likiacha nyuma yake wino mweusi. Alingoja ule mwandiko wa kuegemea nyuma. Haukuja. Herufi zilisimama wima, zenye mikia mirefu, za mtu aliyezoea kutia sahihi mbele ya kamera.

Ulikuwa mwandiko wake.

Mstari wa ishirini na tano, mahali pa yule, palikuwa na jina lake yeye. Na sahihi yake.

Harufu ikafika. Tope la mtoni, majani yaliyooza. Akatazama juu ya fomu, kwenye kisanduku cha jina la mgombea. Herufi zilizopigwa chapa zilikuwa zinayeyuka moja moja. Chini yake, polepole, kitu kingine kilikuwa kinaandikwa. Kinaegemea nyuma.

Hakusoma. Alikunja fomu, akaisukuma mfukoni, akatoka.

Barabara ilikuwa na watu bado. Muuza duka alikuwa anafunga milango. Mtu mmoja akamsalimia Mheshimiwa, akamuuliza habari za daraja, akacheka peke yake. Mheshimiwa aliongeza mwendo. Alipoingia uchochoro wa kwa mama yake, akasikia nyuma yake...

Chwa.

Kimya.

Chwa.

Kimya.

Kiatu kilicholowa, kisha mguu mtupu usio na sauti. Kiatu kimoja. Aliposimama, kikasimama. Hakugeuka. Mfukoni, fomu ilikuwa imeanza kulowesha suruali.

Mlango wa mama yake ulikuwa wazi. Bibi kizee alikuwa kitini pake, miwani usoni, taa ndogo pembeni. Mbele yake vikombe viwili vya chai. Kimoja kimenyweka. Mbele ya kigoda kilichokuwa kitupu, kingine kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya udongo.

"Umechelewa," akasema. "Kaa. Siyo hapo. Hapo pana mtu."

Kigoda kilikuwa kimelowa. Maji yalitiririka mguuni mwake, yakafanya dimbwi sakafuni, na ndani ya dimbwi hilo taa ilionekana ikicheza, ingawa hapakuwa na upepo.

Mheshimiwa akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kusema habari za sheria, za saa nne asubuhi, za watu ishirini na wanne. Aliyasema yote, haraka haraka, kama anayejibu swali barazani. Mama yake alimwacha amalize. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba yule huja kila uchaguzi. Hupita kwake kwanza kabla ya kwenda ofisini. Huwekewa chai asiyoinywa. Na huuliza jambo moja tu.

"Anauliza, ameshanitaja?"

"Mama, jamani..."

"Namwambia bado. Basi anaondoka kwenda kukutilia sahihi. Mara tatu hiyo. Leo hakuuliza. Leo amesema amechoka kudhamini."

Mheshimiwa akaitoa fomu. Ilikuwa nzito kama nguo iliyotoka kufuliwa. Mama akaikunjua gotini, akasogeza miwani, akasoma juu, akasoma chini. Akapitisha kidole juu ya mwandiko ule.

"Umesoma hapa juu?"

"Sijasoma. Ichane, Mama."

"Ulizichana ngapi? Zikaenda wapi?" Akaweka fomu mezani. "Nimekuomba miaka ishirini nikamfute kwenye lile daftari. Mtu anaitwa kila baada ya miaka mitano, aje apige kura, aje atie sahihi. Atalalaje? Na wewe ndugu yake umekaa juu ya jina lake kama kuku."

Ingekuwa siku nyingine, angecheka. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu, kwamba akilitaja na jina likafutwa, ile kura moja haitakuwepo. Ataanguka. Gari litarudishwa, ofisi itafungwa. Watu watazipekua fomu za zamani, wataiona tarehe, huenda akafungwa. Na daraja...

"Daraja," mama yake akarudia. "Umeshinda mara nne. Liko wapi?"

Huko ndiko kulikomuuma kuliko kote. Miaka ishirini ya kusimama na kukaa, mheshimiwa huku, mheshimiwa kule, na mawe ya mtoni yako palepale.

"Nenda kachukue fomu mpya alfajiri, uwarudie wale ishirini na wanne," mama yake akasema. "Sahihi ya ishirini na tano nitaweka mimi. Ushindwe kama watu wengine wanavyoshindwa. Lakini litaje, mwanangu. Yuko hapo. Mwite."

Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake. Akavuta miguu, mguu mmoja ukatoka na kiatu, wa pili ukatoka mtupu. Hakusikia kiatu kilipomtoka. Baridi ikampanda, vifundoni, magotini, na alipofungua kinywa koo lilikuwa limejaa ladha ya tope. Alikohoa. Maji yakamtoka puani.

Kwenye fomu, pale juu, ilikuwa imebaki herufi moja tu iandikwe.

Aliona picha ya ua wa zamani. Vumbi limesimama hewani, sufuria inaviringika, na katikati ya vumbi hilo mtoto anacheka, anazunguka, anasubiri kaka yake amwite ili akimbie zaidi.

Kigoda kikalia, kama mtu ameinama mbele ili asikie vizuri. Mama akafumba macho. Chumba chote kikabana pumzi, kama darasa ambalo mwalimu amefika kwenye jina la mwisho.

Mheshimiwa akatema maji. Akageuka, kwa mara ya kwanza, akakitazama kigoda. Na sauti iliyotoka, sijui kama ilikuwa yake peke yake, ikasema:

"Kisulisuli."