Nusu Lita ya Bi Mize

Saa sita mchana mteka, mtambo wa kugawia maji uliobanwa kwenye ukuta wa chumba, ulisoma mkono wa Salha, ukamimina mililita mia mbili na arobaini ndani ya kikombe, ukajifunga. Tangu visima vya Tanga viingiwe na chumvi, nyumba hazikuwa na bomba jingine. Kila mkazi alivaa kisomakiu, kibandiko chembamba kilichogandishwa kwenye kifundo cha mkono, nacho kiliangaza ngozi ya kando yake na kupima mng'ao wake. Ngozi yenye maji hung'aa, iliyokaukiwa hufifia. Taa ya kibandiko ikiwa nyekundu, mteka humimina. Ikiwa ya kijani, haumimini.

Salha, mhandisi wa maji, ndiye aliyekibuni. Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na nne.

Mama yake, Bi Mize, alikaa kitandani akijipaka mafuta ya nazi mikononi, kama kila siku.

"Kichwa kinanigonga," alisema. "Na huyo wako wa ukutani kaninyima tangu asubuhi."

"Taa yako ni ya kijani, mama. Mwili una maji."

"Kinywa changu hakijaambiwa."

Salha alitabasamu. "Kinywa hukaushwa hata na hewa. Na moyo wako umechoka, maji yakizidi yanauelemea." Yote mawili yalikuwa kweli.

"Haya, daktari wa mabomba."

"Na mafuta yote hayo, jua hili?"

"Ulitaka nipauke? Waseme mhandisi hamtunzi mamake?"

Salha akanywa maji yake, akarudi kazini.

Saa kumi jirani yao, Bi Zamda, alimpigia simu. Alikuwa amemkuta Bi Mize sakafuni chini ya mteka, hapumui. Taa ya mkononi ilikuwa bado ya kijani.

Kesho yake mji ulileta lita ishirini za maji safi. Ndicho kiwango cha kuoshea maiti. Kisomakiu hakikubanduka bila kuchuna ngozi, wakakiacha. Bi Zamda alisugua mikono ya marehemu kwa sabuni mara tatu, kisha akaifuta kwa taulo. Ilipokauka, ilikuwa na rangi ya jivu.

Taa ikawa nyekundu. Ukutani, mteka ukaanza kumimina.

Bi Zamda aligeuka. "Unammiminia nani huu?"

Salha aliutazama mkono, kisha chupa ya mafuta dirishani. Katika majaribio ya kisomakiu walipima watu mia nne, na kila mkono ulifutwa mafuta kwanza kwa spiriti.

"Mama," alisema. "Alikuwa na kiu."

Mteka ulimimina nusu lita, kipimo cha mtu aliye hatarini, ukajifunga. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mjini kulikuwa na visomakiu laki mbili, na kufikia saa hiyo watu walikuwa wamekwisha kuoga maji ya chumvi ya visimani na kujipaka mafuta.