Taa Iliyowaka Nyumba Ikiwa Tupu

Kila jioni saa moja, Ndunge alimdunga mumewe Kimeu sindano ya insulini. Kimeu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yake yalikuwa yamefifia. Mistari midogo ya sindano hakuiona. Ndunge ndiye aliyeisoma.

Mwaka huo wa 2004, stima, yaani umeme, ilipotea mara nyingi mjini Kitengela, hasa jioni. Siku moja Ndunge alisoma mistari kwa mshumaa, akakosea. Alivuta dawa nyingi kuliko kipimo, akamdunga. Kimeu alitokwa na jasho, akatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Maji ya sukari ndiyo yaliyomwokoa.

Wakanunua taa ya dharura, ile ya kuchaji.

"Iacheni kwa soketi, na kitufe kikae hapa, pa kuwasha," muuzaji aliwaambia. "Stima ikipotea, inajiwasha yenyewe."

Jumatatu jioni stima ikapotea. Taa iliwaka kidogo, ikafifia, ikazimika.

"Baba Katee, umechezea hii taa?" Ndunge alimuuliza mumewe.

"Mimi? Niko na macho ya kuchezea taa?"

Alhamisi ikawa vivyo hivyo.

"Sielewi," Ndunge alisema gizani. "Usiku wote ilikuwa kwa stima. Asubuhi nilikuta imejaa. Sasa chaji ameinywa nani?"

"Tuite mchungaji aiombee," Kimeu alisema. Lakini sauti yake haikuwa ya mzaha. Siku hizo zote mbili alikaa na njaa mpaka stima iliporudi, ndipo akadungwa na kula.

Jumamosi Ndunge alimwita jirani yao Namalwa, fundi wa stima katika kiwanda cha saruji. Namalwa aliitazama taa, asiifungue.

"Mama Katee, nionyesheni vile nyinyi hufanya mkitoka asubuhi."

"Si tunatoka tu!"

"Haya, tokeni nione."

Ndunge alivaa viatu. Alifunga mapazia. Kisha, kama kila asubuhi, akazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Tangu nyumba ya ploti ya pili iungue kwa hitilafu ya stima, hakuthubutu kutoka bila kuizima. Wote watatu wakatoka, akafunga mlango.

"Sasa chungulia kwa dirisha," Namalwa alisema.

Ndunge alichungulia katikati ya mapazia. Ndani, mezani, taa ilikuwa ikiwaka.

"Yesu! Nani ameiwasha?"

"Wewe."

"Mimi? Si nimezima kila kitu?"

"Ndiyo maana. Taa haijui kama stima imepotea au umeizima wewe. Inaona tu hakuna stima, inawaka. Inamulikia viti mchana kutwa. Mkirudi jioni, betri haina kitu."

Kimeu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe viti vyetu vinasoma!"

"Nifanye nini basi?" Ndunge aliuliza.

"Kabla ya kuzima swichi kubwa, zima kitufe cha taa. Mkirudi, washa swichi, kisha rudisha kitufe. Na mkisafiri siku nyingi, iacheni imejaa. Betri ikikaa tupu, inakufa."

Jumanne jioni stima ikapotea tena. Majirani wakapiga kelele ploti nzima. Kwa Ndunge, mwanga mweupe ukajaa chumba. Aliinua sindano, akavuta dawa polepole.

"Kumi na mbili," alisema.

"Una hakika?"

"Baba Katee, leo naona hata mvi ulizonificha. Inua shati."

Kimeu akainua shati.