Rehani Mpaka Maji Yanapofika

Jua lilikuwa linazama Komora aliposhuka mtoni, chini kidogo ya Ngao, kutegua migono yake. Samaki wawili watatu wa chajio, basi. Lakini kichwani alikuwa na deni la reali arobaini la Abdulsalam, tajiri wa Kipini, aliyemkopesha nguo, majembe na mbegu ya mpunga. Kisha mvua zikamkimbia miaka miwili.

Njia zote alishazijaribu. Aliomba muda, akapewa, na muda wenyewe ukatiwa bei, reali tano. Akauza mtumbwi, fedha zikaenda kulipa hizo tano. Akawaendea jamaa wamchangie; shemeji yake, Buya, akamwambia undugu ni wa kwenye harusi. Na kwenda kwa kadhi kutangazwa muflisi? Angepoteza shamba na uso siku moja. Ikabaki njia aliyoitaja Abdulsalam mwenyewe, huku akichokonoa meno: amweke binti yake rehani. Mashavu. Miaka tisa, hana mama.

Alipewa mpaka kesho kutwa kujibu.

Mgono wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili... mtupu. Ndipo harufu ikamjia, ya tope lililofukuliwa chini kabisa, lisilowahi kuona jua.

Mtu alikuwa amekaa ukingoni, kanzu imelowa mpaka kifuani. Akamwamkia kwa Kiarabu, akageukia Kiorma, akamalizia kwa Kipokomo, na kila lugha aliisema kwa sauti ya mtu mwingine.

"Komora wa Dhadho," akanong'ona. "Madeni yako nitayalipa yote. Utabaki na moja tu. Langu."

"Rehani?"

"Shamba. Lianzie mtoni, liishie maji yanapofika."

Komora nusura acheke. Kila mkulima wa mto hupima shamba lake hivyo hivyo, na mwaka ule mto ulikuwa mfupi, haukulowesha hata tuta la kwanza. Mjinga huyu anakopesha kwa hatua tatu za mchanga! Wallahi, kwa mara ya kwanza maishani yeye ndiye anayemwibia tajiri.

Akakubali haraka, mtu yule asije akazinduka.

Kesho yake mtumishi wa Abdulsalam alileta hati ya deni, imefutwa. Akasema reali zilikutwa asubuhi ndani ya sanduku lililofungwa, zimejaa tope. Bwana wake tangu hapo hataki kunywa maji.

Siku ya saba, alfajiri, Komora alisikia tone.

Tone jingine.

Akafungua mlango. Mvua hakuna. Mashamba ya majirani makavu kama ngozi. Lakini katikati ya migomba yake maji yalikuwa yanapanda mlima, kimya, bila wimbi. Yakapita tuta la kwanza. La pili. Yakagawanyika miguuni mwake bila kuilowesha, yakaingia ndani kama mwenye nyumba.

Alimnyakua Mashavu mkekani.

Alichelewa kidogo tu. Mguu wa kushoto wa mtoto ulikuwa umelowa mpaka kifundoni.

Maji yakarudi yalikotoka. Komora akakimbia mpaka ukingoni, akapiga magoti, akasema chukua shamba lote, chukua na nyumba.

"Nitachukua kilichofikiwa," ikajibu sauti. Safari hii ilikuwa ya marehemu baba yake.

Mguu ule haujakauka mpaka leo. Unafutwa, unaanikwa, unakaushwa motoni, bado unatona. Kila magharibi hugeuka wenyewe kuelekea mtoni na kuanza kutembea, mtoto akijivuta nyuma kwa mguu wake mmoja uliobaki. Komora humfunga kwenye nguzo kwa kamba iliyokuwa ya mtumbwi.

Buya alikuja kuona. "Shemeji," akasema, "bora ungempa Abdulsalam. Kwa yule, mtoto angekomboleka."

Komora alikuwa ametega sikio mtoni. Alikuwa anamsikiliza mpiga kasia kutoka Nanighi, akihadithia kwa furaha kwamba bara mvua zimefunguka, mto unakuja, mwaka huu watu watakula.

Mashavu naye alisikia.

"Baba," akauliza taratibu, "safari hii yatanifika wapi?"