Mkate wa Hexlow

Haya yalimpata jirani yetu, Winifred Garside, mjane mcheshi asiyejua kukataa chakula. Siku moja ya Mei, yeye na mdogo wake Mavis walipanda basi dogo la watalii kwenda kutembezwa katika vijiji vya kale. Jua lilikuwa zuri. Kiongozi wao, Bwana Clement, aliwaonyesha makanisa, madaraja ya mawe na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi. Winifred yeye aliulizia chakula tu.

"We Winnie, hilo tumbo litakuja kukuponza," Mavis akamtania.

Kijiji cha mwisho kiliitwa Hexlow. Clement alipokuwa akisimulia habari za mnara wa kanisa, Winifred alisogea pembeni kupumzisha miguu. Mlango wa nyumba ya jirani ulikuwa wazi. Bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi alisimama kizingitini, sahani mkononi.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama. Njaa inaniuma kweli."

"Basi ingia, ule. Nilikuwa natafuta mgeni."

Ulikuwa mkate mtupu na kikombe cha bia. Winifred akauma. Upande wa chini mkate ulikuwa baridi, wenye utelezi, na chumvi kama ya jasho. Kitu kikamnasa kwenye meno. Akakivuta. Unywele mfupi, mweupe, uliojikunja.

Angetema. Lakini bibi alikuwa anamtazama, na Winifred alilelewa kuona haya. Akameza.

"Malizia," bibi akanong'ona. "Usibakishe."

Akamaliza, akasukumia kwa bia. Ndipo upepo ulipopeperusha pazia la chumba cha ndani. Mezani alilala mzee, kifua wazi. Amekufa. Nywele za kifuani zililowa, zimelala chini kwa umbo la mkate. Chembe za mkate zilinata humo. Nzi walikuwa wanazila.

"Mume wangu alikuwa na dhambi nyingi," bibi akasema taratibu. "Sasa amepumzika. Umezila wewe, pamoja na mkate uliolala kifuani mwake."

Winifred alitoka mbio, akatapika kwenye ukuta wa makaburi. Ikatoka bia. Akatia kidole kooni. Ikatoka bia tena. Mkate haukutoka.

Kwenye mkahawa wa kijiji aliomba maji. Mwenye mkahawa, mama wa makamo, alikuwa ameona alikotokea. Alimpa. Winifred alipomaliza kunywa, yule mama aliishika glasi kwa kitambaa, akatoka nayo nje, akaivunja.

Clement, aliyemfuata hadi mlangoni, alikuwa amebadilika rangi. "Dada, umekula kitu nyumba ile?"

Winifred akaitikia kwa kichwa.

"Twendeni kwenye basi," Clement akanong'ona. "Wote. Sasa hivi."

Nyumbani, ile ladha haikuondoka. Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Chai ilikuwa na utelezi. Supu ilikuwa na jasho. Akakonda, akaacha kucheka, na Mavis akahamia kwake kumuuguza.

Adhuhuri moja walikuwa wanamenya viazi. Winifred akasita. Akaanza kukiminya kiazi kwa mikono miwili, polepole, vidole gumba vikibonyeza.

"Winnie?"

"Nyuma ya ile nyumba kuna pipa la maji ya mvua," Winifred akasema. "Chini yake kuna kiatu."

Mavis alimpigia simu Clement ili amtulize dadake tu. Clement akawaita polisi. Wakalisogeza pipa, wakachimba. Kiatu kilikuwepo: cha mtoto mdogo, cha kushoto, kifungo bado kimefungwa. Ndani mlikuwa na soksi. Mwili haukuonekana. Hakuna familia iliyowahi kupoteza mtoto kijijini hapo, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kukidai.

Jioni ile Mavis alimshika dadake mkono. Winifred hakuwahi kuzaa, wala kukanyaga Hexlow kabla ya siku ile.

"Winnie, ulijuaje?"

Winifred aliitazama mikono yake kwa kinyaa, kama si yake.

"Sijui," akanong'ona. "Nakumbuka tu mtoto alivyokuwa akiniita baba."