Kitambaa Chekundu cha Pipa la Pili

Katika shule ile kila siku ya juma ilikuwa na kazi yake, na ratiba ilifuatwa mpaka mbuzi wa jirani akaijua. Jumatatu, siku ya gwaride, alipita mbali na mlingoti. Jumanne, siku ya kukaguliwa kucha, alilala. Jumatano ilikuwa ya bustani, na hapo alijisogeza karibu na ua akijifanya hana habari na mchicha. Alhamisi ya kwaya alikimbia kabisa. Ijumaa ilikuwa Siku ya Jembe. Wazazi walikuja na majembe na reki, wakafyeka nyasi na kuzibua mitaro pamoja na watoto wao, na jasho likishakauka, walishindana na darasa la sita kuvuta kamba.

Sindano alikuwa darasa hilo la sita. Jina walimbandika wenzake, kwa kuwa baba yake alikuwa fundi cherehani, na pia kwa kuwa alikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma, walisema, ilimbidi ashike mlango. Lakini wembamba haukumzuia kupewa cheo. Alikuwa kiranja wa maji, na cheo hicho alitembea nacho kama amekibeba kichwani.

Chini ya paa la ofisi palikuwa na mapipa mawili ya maji ya kunywa. Mwalimu wa afya aliyatia dawa ya kuua vijidudu. Pipa ambalo halijatiwa dawa lilifungwa kitambaa chekundu kwenye bomba lake, na hapo hakuna aliyekunywa, hata kama ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Watoto wa darasa la kwanza, ambao kusoma walikuwa bado, hilo walilijua. Kitambaa chenyewe baba yake Sindano alikikata kwenye mabaki ya mapazia na kukipiga pindo. Kukifunga na kukifungua ilikuwa kazi ya Sindano peke yake.

Ijumaa moja dawa iliisha, mwalimu wa afya akaenda zahanati kuchukua nyingine. Pipa la kwanza lilikuwa na maji salama. La pili, alilolijaza asubuhi ile mzee wa mkokoteni aliyeiletea shule maji, lilikuwa na kitambaa chake bombani.

Darasa la sita lilikuwa limeshindwa na wazazi Ijumaa saba mfululizo. Upande wa wazazi alisimama fundi matofali ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kuvuta ndoo kwa nguvu mpaka kisima kikataka kuifuata. Upande wa wanafunzi aliyesimama nyuma kabisa, kamba ikiwa imemzunguka kiunoni, ni Kibonge, rafiki na jirani wa Sindano. Msichana huyu alichekwa kwa unene wake siku zote za juma, na Ijumaa akabembelezwa.

Watu walipokuwa wameshajipanga, ikaonekana kwamba alama ya katikati ya kamba imechakaa na kukatika. Fundi matofali akaanza kuvaa shati lake taratibu, akisema bila alama hakuna mchezo, na kwamba ushindi wa nane wanauchukua hivyohivyo.

Kibonge alimgeukia rafiki yake. "Sindano, kile kitambaa chako. Dakika tano tu."

Sindano alitazama uwanja, akamtazama fundi matofali anavyofunga vifungo huku anatabasamu. Akakimbia. Alikifungua kitambaa bombani, akakifunga kwenye kamba.

Zile dakika tano zikawa ishirini. Kamba ililia, vumbi likapanda, visigino vikachimba mifereji ambayo ungeweza kupanda viazi ndani yake. Mwisho fundi matofali aliteleza, wazazi wakamfuata mmoja juu ya mwingine kama magunia. Darasa la sita lilishinda. Sindano alibebwa juu juu, akazungushwa uwanja mzima, kitambaa mkononi.

Aliposhushwa, aliangalia upande wa ofisi. Wazazi walikuwa wamemaliza pipa la kwanza, foleni ikahamia la pili. Kibonge alikuwa anamalizia kikombe cha tatu.

Sindano alifungua mdomo aseme. Mwalimu mkuu akapita, akamshika bega na kumwambia leo ameiletea shule sifa. Akaufunga mdomo. Alijiambia maji yale ni meupe, hayana hata tope, na kwamba kusema sasa ni kuharibu furaha ya watu. Uwanja ulipobaki mtupu alikirudisha kitambaa bombani. Alasiri mwalimu wa afya alirudi, akakiona mahali pake, akatia dawa na kuandika kwenye daftari kwamba pipa la pili limetiwa dawa na kufunguliwa alasiri hiyo.

Jumatatu gwaride lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Wanafunzi ishirini na tisa walikuwa wanaharisha na kutapika, na baadhi ya wazazi pia. Kibonge alikuwa zahanati, amewekewa maji kwenye mshipa. Nesi alikuja shuleni kuuliza watu walikula nini na kunywa nini Ijumaa. Alipima maji ya mapipa, akayakuta salama. Alisoma daftari, akaona limeandikwa vizuri.

Kikabaki kitu kimoja. Ijumaa ile Bibi Tikiti, aliyeuza vipande vya tikiti maji pale langoni, alikuwa amemaliza sinia lake lote. Mwalimu mkuu alimwambia asiuze tena hapo.

Bibi hakubishana. Alikunja mwavuli wake, akafunika sinia, akaondoka polepole, na nyuma yake watoto wawili wakaimba wimbo wa tumbo na tikiti. Sindano alisimama kwenye mstari akitazama viatu vyake. Yeye aliwahi kuona mara nyingi bibi huyo akiosha kisu kwa maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, na akifukuza nzi kama anafukuza wezi.

Jumanne kucha za Sindano zilikaguliwa zikaonekana safi, akasifiwa. Baada ya masomo alikwenda zahanati. Kibonge alikuwa amelala kitandani, mashavu yamebonyea.

Alimwambia Sindano kwa sauti ndogo kwamba amepungua, na hajui Ijumaa kamba watamfunga nani. Sindano alijaribu kucheka. Kisha Kibonge akasema, "Unajua mimi hata tikiti sikula? Nilijaza maji, tumbo halikuwa na nafasi. Nimemwambia mama, anasema homa inanisemesha. Ameapa Bibi Tikiti akipita mtaani kwetu atamkoma."

Sindano alimrekebishia shuka, akaaga.

Nyumbani baba yake alikuwa kwenye cherehani. Sindano alikuwa amekuja na kitambaa kukifua, kama alivyofanya kila juma. Baba alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavuta uzi mmoja mgumu wa rangi ya majani makavu, akavuta wa pili.

"Hizi ni nyuzi za katani," alisema. "Bomba la pipa halina katani. Kamba ndiyo inayo."

Baba alirudi kwenye mshono wake, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nikikosea mshono, mwanangu, naufumua siku hiyohiyo. Nikiuacha, utafumuka wenyewe mtu akiwa ameivaa nguo, tena mbele za watu." Kisha akaendelea kukanyaga cherehani mpaka giza likaingia.

Jumatano, wenzake walipokuwa bustanini, Sindano alibisha mlango wa ofisi. Nesi alikuwa ndani na mwalimu mkuu. Aliweka kitambaa mezani, akaeleza yote kwa mpigo mmoja: alama iliyokatika, dakika tano, foleni ya pipa la pili, na jinsi alivyokirudisha kitambaa. Alipomaliza alisubiri radi.

Nesi hakumkemea. Aliuliza swali moja tu, na lile swali Sindano hakuwa amelifikiria hata siku moja. "Maji ya pipa la pili yalitoka wapi?"

Mzee wa mkokoteni aliitwa. Alisema bomba la mtaa lilikauka Alhamisi, akachota kwenye kisima cha nyuma ya tanuri la matofali, kando ya mtaro mkubwa wa maji machafu. Nesi alisimama mzee hajamaliza kueleza. Kaya kumi na mbili zilikuwa zinachota kisimani hapo, na wakati wote ule hakuna aliyeziambia kitu. Kabla ya jua kuzama kisima kilifunikwa mbao, na watu wakaonywa nyumba hadi nyumba. Katika nyumba moja nesi alikuta mama mzee na mjukuu wake hawawezi kuinuka. Fundi matofali aliwabeba hadi zahanati, mmoja mgongoni na mmoja mikononi. Walipona, ila kwa taabu.

Mwalimu mkuu, ambaye sauti yake kwa kawaida iliwafukuza kunguru kwenye bati, alivaa kofia. Akamwambia Sindano kwa sauti ya chini amfuate. Walikwenda kwa miguu hadi kwa Bibi Tikiti.

Bibi alikuwa barazani, matikiti yamepangwa ukutani, mengine yameanza kulainika. Mwalimu mkuu alivua kofia na kumwomba radhi. Sindano aliamkia, akasema kwamba kosa lilikuwa lake. Marahaba ilichelewa sana kuja.

"Wewe," bibi alisema, "ndiye niliyekuwa nakukatia kipande cha katikati."

Sindano angependa apigwe kuliko kusikia hilo.

Ijumaa, mbele ya wazazi na wanafunzi wote, mwalimu mkuu alieleza ukweli na kuomba radhi tena, na Bibi Tikiti akarudi langoni na sinia lake. Sindano alivuliwa ukiranja hadi mwisho wa muhula, na akapewa kusafisha mtaro wa langoni kila Siku ya Jembe. Mama yake Kibonge alinunua tikiti zima, akiwa ameinamisha uso.

Kamba ilipotandazwa, haikuwa na alama. Bibi Tikiti alifungua aproni yake kuukuu, akachana ukanda mmoja, akaufunga mwenyewe katikati.

"Kamba ina kitambaa chake, na bomba lina chake," alisema. Kisha alimtazama Sindano, aliyekuwa mtaroni na koleo. "Mjukuu wangu, makosa yako ni mawili. La kwanza ulilifanya kwa mkono, ukakimbilia mchezo. Hilo ni la kitoto, nani hajalifanya? La pili ulilifanya kwa mdomo, ukaufunga siku tano. Hilo ndilo lililomlaza yule mama mzee, na ndilo lililonitoa mimi langoni. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo la kubebwa na mtu mmoja."

Darasa la sita lilishindwa siku hiyo, maana Kibonge alikuwa amekaa pembeni, miguu bado haina nguvu. Fundi matofali alijitangazia ushindi uliomfurahisha yeye peke yake.

Jioni Sindano alipopita langoni na koleo lake, bibi alimwita, akampa kipande cha tikiti. Kilikuwa chembamba, nusu nzima ganda.

"Hicho ni cha pembeni," bibi alisema, akiosha kisu kwa maji ya moto. "Cha katikati utakifikia."