Wasike na Habari za Siku

Kila jioni Nekoye aliporudi kutoka sokoni Rongai, mumewe Wasike alimngoja mlangoni na habari za siku nzima. Nani kapita, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Mwanamume huyo alikuwa na domo kweli.

"Baba Mercyline, ngoja kwanza nivue viatu," Nekoye alimwambia.

Kisha kiharusi kikampiga Wasike. Mguu ulipata nafuu. Maneno hayakurudi vizuri.

"Chai... Mercy... kesho," alisema, jasho likimtoka.

"Unataka chai? Ama ni Mercy unataka?" Nekoye alimmalizia upesi.

Majirani walimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Nekoye alilikosa lile domo. Jioni alikaa na viatu miguuni, akizingoja habari ambazo hazikuja.

Siku ya mahari ya binti yao Mercyline ikakaribia. Kwao, baba ndiye huulizwa, na baba ndiye hujibu.

"Shemeji, mimi nitamjibia," alisema Sitati, ndugu wa Wasike. "Wakwe wakimsikia hivi, watafikiria akili imemtoka."

Wasike alisikia. Akageukia ukuta.

Nekoye akampeleka Nakuru kwa Shukri, mtaalamu wa usemi hospitalini. Shukri aliinua picha ya ubongo.

"Mama, akili ya mzee iko. Ona hapa kushoto, damu ilikosa kufika. Watafiti wamelaza watu kwenye mashine, wakawasomea sentensi, wakaangalia ubongo ukifanya kazi. Wameona kuna sehemu zinaunganisha maneno yawe sentensi. Za mzee zimeumia. Maneno anayo, lakini kuyaunganisha ndiyo shida."

"Na sisi tukimwongelesha?"

"Sentensi ndefu inampotea katikati. Sema fupi, jambo moja. Kisha unyamaze, umngoje. Usimmalizie."

"Atarudi kuwa vile alikuwa?"

"Hiyo siwezi kukuahidi, mama. Lakini akifanya mazoezi, ataendelea."

Kunyamaza kulimshinda Nekoye mwanzoni. Lakini kila jioni aliuliza, "Leo nani alikuja?" Kisha akauma midomo, akangoja. Siku nyingine jibu lilikuja. Siku nyingine alingoja bure, akaenda kulia jikoni.

Wakwe wakafika. Msemaji wao alikuwa ameelezwa na Nekoye aseme fupi, kisha angoje.

"Mzee," alisema polepole, "tumekuja kuomba Mercyline."

Wasike akatikisa midomo. Sitati akafungua mdomo amjibie. Nekoye akamshika shemejiye goti, asubiri. Chai ikapoa.

"Mercy... wangu," Wasike alisema. Wakangoja tena. "Nyinyi... mtunze."

Mercyline akajifunika uso kwa leso. Mahari ikakubaliwa.

Nekoye aliwasindikiza wageni hadi barabarani. Aliporudi, Wasike alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukishika fremu.

"Viatu," alisema. "Vua."

Nekoye akamtazama.

"Habari... iko."

Nekoye akaketi, akavua viatu, akanyamaza.