Pasipoti ya Kidosho

Uvumi ule ulimganda Mama Mshonaji kama nyuzi kwenye sketi. Eti wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani ng'ambo hufungiwa ndani. Aliusikia kwa muuza maziwa, akaupuuza. Akausikia tena bombani. Tangu hapo akawa anakosea mishono.

Binti yake, Kidosho, alikuwa asafiri wiki iliyofuata kwa kazi kama hiyo.

"Mama, umeshona mkono kwenye shingo!"

"Cheka tu. Ukifungiwa huko, mimi nitacheka na nani?"

Jirani yao, karani mstaafu wa ofisi ya kazi, alikuwa amefuata suruali yake. Akauliza, "Pasipoti iko wapi, mwanangu?"

"Kwa wakala wa ajira," Mama alijibu kwa fahari. "Nilimkabidhi kwa mikono miwili."

Katika nyumba ile, hati zote hutunzwa na mkubwa. Wakala alikuwa na mvi, basi Mama akamwona ndiye mkubwa wa safari.

Karani akavuta kiti. "Dada yangu, hapo umeteleza. Zamani, katika nchi moja, watu walipinga utumwa. Watumwa wenyewe walipigana huko kwenye makoloni yake. Raia wakagoma hata kutia sukari kwenye chai, kwa kuwa ilitoka mashamba ya watumwa."

"Chai bila sukari?" Kidosho akadakia. "Mama asingemaliza siku moja."

"Nyamaza, we mtoto! Endelea, kaka."

"Baada ya miaka mingi, sheria ikakataza utumwa katika makoloni ya nchi hiyo. Nchi nyingine nazo zikafuata. Lakini wenye mashamba wakageukia maskini wa nchi za mbali. Wakawapa mikataba. Wengi hawakujua kusoma, wakatia dole gumba tu. Walipofika, aliyeacha kazi alitiwa jela. Watetezi wakapaza sauti upya, mpaka mikataba ile nayo ikafutwa. Leo sheria zipo, lakini ujanja haujaisha. Wakikushikia pasipoti, utaondokaje?"

Mama akainuka na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Wakaenda wote watatu kwa wakala.

"Mama, huniamini?" wakala alisema. "Mimi ni kama mjomba wake."

"Mjomba gani anamfungia mpwawe pasipoti kwenye droo? Ilete!"

"Na mkataba tuusome hapa hapa," karani akaongeza.

Mkataba ulikuwa umeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeielewa. Wakala akarudisha pasipoti huku akinung'unika.

Kidosho hakusafiri wiki ile. Miezi minne baadaye, ofisi ya kazi ilimpatia nafasi ng'ambo katika kiwanda cha nguo. Aliusoma mkataba kwa sauti, mstari kwa mstari, Mama akimkatiza kila mahali. Sasa hupiga simu kila wiki.

"Mama, jana nilipumzika. Nilizunguka mjini peke yangu."

Mama hulia kidogo, kisha humuuliza amekula nini.

Mzazi mwenzangu, haya tuyaepuke:

Usimwachie wakala pasipoti, hata akiwa na mvi.
Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa.
Usikubali kazi ambayo anwani yake inafichwa.
Usimwache mwanao aondoke bila kukuachia nakala ya mkataba.
Usikae na uvumi moyoni. Nenda ofisi ya kazi ukaulize.